Sikio Chini ya Maji

Maudhui yangu jioni hii ni kitu kidogo mno kwa umbo, ambacho hata hivyo kimewaharibia watu wengi wa maji maisha yao bila wao kujua sababu: nacho ni sikio la mtu anayezama, na namna ya kulizibua kabla halijaumia.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi juu ya jabali katika mwalo wa Mugango, kwenye Ziwa Viktoria, pale ambapo mawe makubwa yamelala ufukoni na mengine yakaendelea hadi ndani ya ziwa, wakati nanga ya mtumbwi mmoja iliponasa katikati ya mawe hayo ya chini. Wavuvi waliivuta huku na huku, haikutoka. Kijana mmoja, nadhani hajatimiza miaka 18, akavua shati, akajaza kifua hewa, akashuka kwa kuifuata kamba. Kina cha pale ni kama mita 5. Mara ya kwanza aliibuka mikono mitupu, kiganja kimeziba sikio la kulia na uso umekunjamana kama wa mtu aliyetafuna shubiri. Mzee aliyekuwa ameshika tezi akageuza kichwa ili sikio lake la kushoto lielekee kwa kijana, akasikiliza malalamiko yake mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Rudi mwanangu, vumilia tu. Likishapasuka halitakuuma tena." Akarudi. Mara ya pili nanga ikatoka, watu wakashangilia. Naye alipopanda mtumbwini akainamisha kichwa upande mmoja, na katika tundu la sikio likachuruzika tone la maji lililochanganyika na damu, likateremka polepole hadi kwenye taya. Alilifuta kwa mgongo wa mkono, akashika kasia.

Sikumlaumu yule mzee wakati ule, wala simlaumu leo, kwa kuwa aliyasema yale kwa huruma, na aliyasema kama alivyoyapokea kwa waliomtangulia. Lakini neno lake limekaa nami siku nyingi, maana ndani yake mna nusu ya kweli, na nusu ya kweli aghalabu humdhuru mtu kuliko uongo ulio dhahiri. Ni kweli kwamba sikio lililopasuka haliumi tena kwa uzito wa maji, kwa sababu halina tena ukuta wa kubanwa. Je, ukuta ule uliwekwa pale kwa kazi gani, na palikuwa na haja gani ya kuubomoa kwa ajili ya nanga moja?

Tulitazame sikio lenyewe. Tundu hili mnaloliona kwa nje huingia ndani kwa urefu wa sentimita 2 na nusu hivi, kisha hukomea kwenye ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, ndiyo maana wazee wetu wakaiita kiwambo. Nyuma ya kiwambo mna chumba kidogo chenye hewa, na ndani ya chumba hicho vimo vifupa vitatu vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti kutoka kwenye kiwambo na kuufikisha katika sikio la ndani. Chumba hicho kingekuwa kimefungwa pande zote lau si mrija mwembamba, usiozidi sana sentimita 3 na nusu, unaotoka humo na kushuka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Wataalamu wauita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Mrija huu kwa kawaida hukaa umefumba, na hufunguka kwa nukta moja tu tunapomeza mate au kupiga miayo. Kile kisauti cha "tak" unachokisikia ndani ya kichwa unapomeza ndio mlango wenyewe ukifunguliwa.

Sasa hewa ina uzito, na maji yana uzito mkubwa zaidi. Wanafunzi wetu hufundishwa shuleni kuuita mkazo wake kanieneo. Mimi nitauita mgandamizo, maana ndilo neno nililolizoea. Wengi wenu mmesafiri kwa basi la kutoka Musoma kwenda Arusha, lile linalokatiza Serengeti na kuparamia ukingo wa Ngorongoro, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,300 hivi, kisha likateremka mpaka Mto wa Mbu. Mnakumbuka jinsi masikio yanavyoziba njiani, mazungumzo ya jirani yakawa kama yanatoka ndani ya mtungi, mpaka mtu ameze mate ndipo ulimwengu urudi kusikika. Basi fahamuni kwamba mteremko ule wote, mlima mzima ule wenye kona na ukungu, hauliongezei sikio mgandamizo unaopita ule wa kuzama majini mita 1 na nusu. Jambo ambalo basi hulifanya kwa muda mrefu, yule kijana wa Mugango alilifanya kwa kupepesa macho mara mbili, kisha akazidi kushuka, mpaka akafikia zaidi ya mara tatu yake.

Ni sheria iliyothibitishwa na Robert Boyle, mwanachuoni wa Ireland, mwaka 1662, kwamba hewa ikikandamizwa hupungua ujazo kwa kadiri ile ile ya kukandamizwa kwake. Baharini, kule Nungwi au Mafia, mzamiaji akifika mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyomo ndani ya vyumba vya mwili wake hubaki nusu. Ziwa letu liko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,134, na hewa inayolikalia ni nyepesi kuliko ile ya pwani; hivyo hapa Mugango, ijapokuwa maji yetu hayana uzito wa chumvi, nusu hiyo hufikiwa mapema zaidi, kwenye mita 9. Tena tazameni jinsi mabadiliko makubwa yanavyotokea karibu kabisa na uso wa maji: kwenye mita 1 hewa ya sikio imekwisha kupungua karibu sehemu moja ya kumi, kwenye mita 2 karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana asiyejua husema, "Mimi sizami sana, mimi huishia mita 3 tu," akidhani kwamba hatari inakaa kule chini gizani. Kwa sikio, hatari ipo pale pale juu, mahali ambapo mwanga wa jua ungali unacheza mgongoni mwake.

Hewa ya chumbani ikipungua bila nyingine kuingia, kiwambo huvutwa kwa ndani, ngozi laini za chumba huvimba na kutoa majimaji, kisha damu. Na hapa pana siri ambayo natamani kila kijana wa mwalo aijue. Mrija ule ukicheleweshwa, yaani mtu akizidi kushuka mita 1 na robo hivi bila kuuzibua, mgandamizo wa nje huushindilia mdomo wake, ukafumba kwa nguvu kuliko msuli unaoufungua. Tangu hapo, umeze mate mara ngapi, upulize pua utakavyo, mlango haufunguki. Dawa ni moja tu, nayo ni kurudi juu kidogo mpaka mkazo ulegee, ujaribu tena. Anayelazimisha akiwa chini anafanya kama mtu anayesukuma mlango huku yeye mwenyewe ameuegemea upande wa pili, na hupata hasara mbaya kuliko ya kiwambo, kwa sababu pumzi inayosukumwa kwa kishindo yaweza kupasua utando wa sikio la ndani kabisa, na uziwi wa hapo aghalabu hauponi.

Kwa hiyo mzamiaji hujizibua mapema. Hujizibua kabla hajazama, akiwa bado juu, kisha tena kila baada ya nusu mita hivi katika mita za mwanzo, bila kungoja maumivu yamwambie. Maumivu si ishara ya kuanza. Maumivu ni habari kwamba umechelewa.

Namna za kuzibua ni kadhaa. Iliyo mashuhuri ni kubana pua kwa vidole, kufumba mdomo na kupuliza kwa upole hadi masikio yafunguke, nayo imepewa jina la Antonio Maria Valsalva, mganga wa Bologna, aliyeiandika katika kitabu chake cha mwaka 1704. Bwana huyo hakuwa na habari na wazamiaji. Alikuwa akitafuta njia ya kutoa usaha katika masikio ya wagonjwa wake. Ya pili ni kubana pua na kumeza mate, ambayo yajulikana kwa jina la Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa Kiingereza wa karne ya 19. Ya tatu ndiyo niipendayo, na ilifundishwa na daktari wa Kijerumani, Hermann Frenzel, kwa marubani wa vita vikuu vya pili ambao ndege zao zilishuka kwa kasi kutoka mawinguni: bana pua, funga koo kama unayetaka kunyanyua mzigo, kisha uinue ulimi kwa nyuma kama unayetaka kutamka "ka" ya neno "kaka" bila kutoa sauti. Ulimi husukuma hewa kidogo iliyomo nyuma ya pua, na mrija hufunguka bila kifua kutumia nguvu hata chembe. Jaribuni hapo mlipo, kwa upole. Mkisikia "tak" katika masikio yote mawili, mmefaulu, na mnaweza kulifanya zoezi hilo mkiwa mnatengeneza nyavu au mnasubiri chai ichemke.

Ujuzi wa kubana pua si mgeni kwa watu wa maji wa pande zetu za dunia. Katika Ghuba ya Uajemi, wapiga mbizi wa lulu walikuwa na kibanio cha pua kilichochongwa kwa pembe au gamba la kasa, ambacho Waarabu hukiita fitam. Walishuka kwa uzito wa jiwe lililofungwa mguuni, wakakusanya chaza, wakavutwa juu kwa kamba na mwenzao aliyebaki chomboni. Na miongoni mwa wapiga mbizi hao, wanahistoria wametuthibitishia, walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki na wazao wao, waliozamishwa msimu baada ya msimu ili wengine wavae mikufu. Wengi wa wapiga mbizi wale walizeeka na masikio mabovu. Siwezi kulitaja jambo hilo kwa wepesi. Mtumwa hakuwa na hiari ya kusema, "Leo nina mafua, sishuki." Sisi tunayo.

Na mafua ndiyo adui mkubwa wa sikio la mzamiaji. Kamasi zikijaa na ngozi ya pua ikivimba, mdomo wa mrija huzibwa, na hakuna ustadi unaofaa kitu. Wapo wanaomeza vidonge vya kukausha pua ndipo wakazama. Hao nawatahadharisha, kwani dawa yaweza kuisha nguvu wakiwa chini, hewa iliyopanuka wakati wa kupanda ikakosa pa kutokea, na sikio likaumia kwa upande wa pili. Vilevile asitie mtu pamba wala nta sikioni akidhani anajikinga, maana huongeza chumba kingine kisicho na mlango. Wala asizame na miwani ya kuogelea isiyofunika pua, kwa kuwa hawezi kuipulizia hewa ndani, nayo humnyonya macho mpaka yakawa mekundu kama pilipili.

Pengine atauliza mtu, yote haya yatufaa nini sisi, ambao kuzama kwa mitungi ya hewa twakujua kuwa ni starehe ya wageni kule Mnemba? Kweli, chombo hicho cha mitungi, kilichokamilishwa na Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943, hapa ziwani hakionekani sana, na maji yetu yana giza, yana kichocho na yana mamba. Lakini ziwa hili limekwisha kutuonyesha mara zaidi ya moja siku ambayo sikio la mzamiaji huwa ni amana ya umma mzima.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakapotea, na wengi miongoni mwao wamelazwa pamoja katika makaburi ya Igoma. Meli ile haikuzama mara moja. Ilielea kwa muda, tumbo juu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hewa iliyonaswa, na ndani ya hewa hiyo mlikuwa na watu hai, waliosikika wakigonga. Waliokuwa nje, kwa uchungu wa kutaka kuwatoa, wakaitoboa bati la chini. Hewa ikatoka kwa kishindo, maji yakachukua mahali pake, na meli ikashuka. Sisemi haya kuwahukumu waliosimama juu ya lile tumbo la meli wakisikia ndugu zao wakigonga chini ya miguu yao. Nayasema kwa sababu ni mgandamizo ule ule, ule wa chumba kidogo cha sikio, uliotendeka katika chumba kikubwa kama meli: hewa ndiyo iliyokuwa ikishindana na maji, na ilipopewa njia ikaondoka. Baadaye wazamiaji walishuka, wakiwamo waliotoka Afrika Kusini, katika kina cha mita zipatazo 25, kuwatafuta waliobaki ndani. Katika kina hicho, kwa maji yetu, hewa ya sikio lisilozibuliwa ingekuwa imebaki karibu robo.

Kisha Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mbele ya macho ya watu waliokuwa wakikingoja gatini Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Jumamosi, siku ambayo wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa, wazamiaji walimkuta fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya chombo, mahali ambapo hewa ilibaki. Nimemfikiria mara nyingi yule mzamiaji aliyemfikia. Ndani ya chombo kilichopinduka, dari huwa sakafu na mlango huwa mahali usipoutarajia. Maji yana tope, na mkono hauonekani hata ukiuleta mbele ya uso. Lau sikio moja lingefunguka na la pili likagoma, angepatwa na kizunguzungu cha kutojua juu ni wapi na chini ni wapi. Na lau kiwambo kingepasuka, maji ya ziwa, ambayo ni baridi kuliko damu, yangemwingia hadi karibu na kile kiungo cha ndani kinachotupa mizani ya mwili, na dunia ingemzunguka mpaka atapike. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwokoa mwingine; yeye mwenyewe ni wa kuokolewa.

Kwa wale vijana wetu waitwao haraka mwaloni kila mtumbwi unapopinduka, kabla ya askari na vyombo kufika, nina ombi. Shukeni kwa kamba, miguu ikitangulia, kwa kuwa kichwa kikiwa juu mrija hufunguka kwa urahisi zaidi. Mkono mmoja ushike kamba, mwingine ubane pua. Msishuke peke yenu. Sikio likikataa, panda kidogo, jaribu tena. Likikataa mara ya tatu, panda juu kabisa na mwachie mwenzako, wala asitokee mtu wa kukuita mwoga. Na sikio likitoa damu, likaushwe kwa nje tu, lisiingizwe mafuta ya taa, wala maji ya majani, wala unyoya wa kuku, bali mtu aende zahanati. Kiwambo kilichopasuka mara nyingi hujifunga chenyewe katika majuma machache, mradi kisiingiwe na maji. Hivyo mwenye jeraha hilo akae nchi kavu mpaka tabibu amkague na kumruhusu.

Yule kijana wa nanga alikubali kwenda zahanati, ingawa ilituchukua siku mbili za kumsihi. Alikaa bila kuzama majuma 8, akishona nyavu. Nilipofika tena Mugango nilimkuta ameruhusiwa, nikamfundisha zoezi la "ka" tukiwa juu ya lile lile jabali, naye akalishika upesi kuliko nilivyolishika mimi. Siku hiyo hiyo, kwa kujaribu tu, alishuka kwa kamba. Nilikuwa nimeishika mkononi, nikaisikia ikitulia, ikashuka, ikatulia tena, kama mtu anayebisha hodi mlango baada ya mlango. Alipoibuka alikuwa anacheka, akasema yamelia mara nane, yote mawili.

Mzee wa tezi alikuwa hapo. Akataka naye aonyeshwe. Akabana pua kwa vidole vyake vinene, akafumba mdomo, akapuliza kwa upole kama alivyoelekezwa, na sote tuliokuwa karibu tukasikia upepo mwembamba ukitoka kwa mluzi katika sikio lake la kulia. Aliachia pua, akatutazama mmoja mmoja. "Hili," alisema, "lilipasuka nikiwa na umri wake." Kisha akahama, akaenda kuketi upande wa pili wa kijana, ili amsikie vizuri, akamwambia aanze kumweleza upya.